Vikapu Viwili vya Makaa

Mpendwa Somo yangu,

Shikamoo. Nakuona umekaa upenuni kwa mwanao huko Tanga, miguu umeinyoosha, mjukuu wako anakusomea haya. Mwambie asome polepole. Mimi niliishia darasa la nne, na mistari yangu inapanda na kushuka kama barabara ya Maneromango. Lakini nina jambo la furaha, na sikuona mtu wa kumpelekea ila wewe uliyenifunda.

Mwajuma wangu hajambo. Ana meno manne na kelele za watu wanne. Tangu nimzae huyu mtoto nilikuwa na hofu moja tu, nayo nikuambie mwanzoni ili uelewe yote yatakayofuata. Hapa kijijini kwetu, karibu na Misugusugu, kila mtu ana kazi yake ya ujamaa, na akina mama tulio wengi tumepangiwa shamba la mikorosho. Ni mbali, ng'ambo ya bonde. Watoto wanabaki nyumbani na bibi zao. Mimi mama mkwe wangu macho yamemwisha nuru, na mama yangu unajua alipolala. Ningemwachia nani Mwajuma? Kazi pekee ambayo mtu anaweza kuifanya na mtoto wake pembeni ni upishi wa mgahawa wa kijiji, na mpishi alikuwa hajachaguliwa. Mwenyekiti alisema siku wageni kutoka wilayani watakapokuja, atakayewapikia vizuri ndiye atakayeshika mgahawa.

Sasa sikia jiko lenyewe. Palikuwa na mwalimu wa Kizungu, mama mmoja mpole, alipokuwa anarudi kwao akatuachia sisi akina mama jiko lake la mkaa. Somo, hujaliona jiko kama hilo. Ni la mviringo kama chungu kikubwa cheusi, lina miguu mitatu, na mfuniko wake ni chungu kingine kilichopinduliwa. Ukilifunga linakuwa boga. Chini lina matundu, juu ya mfuniko matundu. Ndani tulikuta wavu, na vyuma viwili vimeoza kwa kutu. Vile vyuma tulivitupa, tulidhani ni mitego ya panya.

Mama Hadija, kiongozi wetu, alilizunguka akasema, "Hili si jiko, hili ni jeneza la kuku."

Mwenyekiti naye akacheka, "Mkishindwa nalo tutayaziba hayo matundu, mbuzi wanywee maji."

Mimi nikasema nitalipikia. Sijui nilipata wapi mdomo huo. Labda ni kwa sababu Mwajuma alikuwa mgongoni, anapumua shingoni mwangu.

Tukajaribu. Kwa kuwa lina mfuniko, akili zetu zote zilikwenda kwenye kupalia. Wewe ndiye uliyenifundisha kupalia, nilipokuwa mwali ndani, wakati wa alasiri ulipokuja na jiko lako dogo la udongo. Wali ukikauka unapunguza moto wa chini, unaweka makaa juu ya mfuniko, unangoja. Basi na hapa tukaweka kuku ndani, tukayaziba matundu yote kwa ugali mgumu ili mvuke usitoroke, tukapanga makaa juu ya mfuniko. Mfuniko wenyewe umevimba kama shavu la mpiga zumari! Makaa yakateleza yote, moja likaingia kwenye pindo la khanga ya Mama Hadija. Akaruka, Somo, mama wa makamo yule, akaruka kama kinda la mbuzi. Na moto wa ndani ulikuwa umekufa zamani kwa kukosa hewa. Tulipofunua, Mama Hadija akamtazama kuku akasema, "Huyu ukimwita ataitika."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini nilipokuwa namnyonyesha Mwajuma jioni ile, kicheko kiliniishia. Nilimtazama kidole chake kimeshika kifungo cha blauzi yangu nikawaza asubuhi za kumwacha.

Mara ya pili tulizibua matundu, tukajaza makaa chini ya kuku. Mafuta yakadondoka, ndimi za moto zikapanda, kuku akawa mweusi nje na mbichi ndani. Hapo ndipo nilipokukumbuka unavyopika maharage ya nazi. Ulikuwa ukiyasogeza makaa huku na huku kwa kijiti, sufuria linabaki katikati kwenye joto tupu. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia, "Moto ukae kando kama mkwe. Mkwe akikukaribia sana, mmoja wenu ataungua."

Nikayasogeza makaa pembeni. Yakarudi katikati. Jiko lina kitako cha duara, kila unaloliweka ukingoni linabiringika chini. Ndipo nikaelewa vile vyuma tulivyotupa vilikuwa nini. Vilikuwa vikapu vya kuyazuia makaa, kimoja kulia, kimoja kushoto.

Nikaenda Mlandizi kwa Fundi Masanja, jiko limefungwa nyuma ya baiskeli ya mume wangu, mimi nasukuma, Mwajuma mgongoni. Fundi ni Mnyamwezi, kwa hiyo hakuna salamu bila utani.

"Lo! Mtani wangu Mzaramo!" akapiga kelele barabara nzima isikie. "Umekuja na ngoma ya chuma? Nani anachezwa leo?"

"Nyamaza, mpagazi wewe. Babu yako alifika pwani amebeba pembe za wenyewe, na wewe mpaka leo unabeba vyuma vya wenyewe."

"Na babu yako alimpokea kwa tui la nazi, akamuuzia maji!"

Tulipomaliza kutukanana, akaniletea kikombe cha maji na tukaanza kuchagua. Kwanza alinionyesha kikapu cha waya wa senyenge. Nilikibonyeza kwa dole gumba kikalegea, nikajua makaa yakikolea kitalala kama mgonjwa. Akanionyesha cha pili, cha bati jipya linalong'aa, amelitoboa kwa misumari. Kilipendeza, macho yangu yalikitaka. Nikamwomba akitie motoni kwanza. Kikatoa moshi mweupe wenye harufu kali kooni, na fundi mwenyewe akakirusha nje. "Hicho ni cha kufugia vifaranga," akasema. Cha tatu hakikuwepo, ikabidi tukibuni. Nilikuwa nimekaa karibu na rimu kuukuu ya baiskeli iliyopinda, nikaona mzunguko wake unakaribia mzunguko wa jiko. Fundi akaikata, akapata pinde mbili. Chini na mbele akapigilia vipande vya mikanda ya pipa, ameacha nafasi ndogo majivu yapite. Tulipovitumbukiza, kila kimoja kikakumbatia ukuta wa jiko kama mtoto kwenye nyonga. Katikati pakabaki uwazi.

"Hapo katikati utaweka nini?" akaniuliza.

"Sahani ya bati kuukuu, ishike mafuta."

"Mzaramo hataki kupoteza hata tone!"

Akanipa na koleo ndefu, maana koleo fupi ya nyumbani ingeniunguza malaika ya mkono, na kulabu ya kuning'iniza mfuniko ubavuni, nisiuweke mchangani. Alitaka pia kunipa mkuki wa kugeuzia nyama. Nikaukataa. Kuku asiyeunguzwa hana haja ya kugeuzwageuzwa.

Mkaa niliuchagua mwenyewe, mkaa wa upande wa Kisarawe, kama ulivyonifunza, kwa kugonganisha vipande na kusikiliza. Muuzaji alikasirika. "Mama, unanunua mkaa au unapiga marimba?" Nikaendelea kugonga. Uliolia kama chupa niliutia guniani, uliolia kama ubao nikauacha. Ulikuwa ukiniambia mkaa wa mwembe utanifedhehesha mbele ya wakwe. Mbele ya wageni wa wilaya je?

Siku ilipofika, niliwasha vikapu vyote viwili mapema, nikangoja makaa yavae kijivu. Kuku watatu nikawaweka katikati, juu ya wavu, na ndimu na kitunguu saumu na chumvi tu. Nikafunga. Wanawake wamesimama, mikono viunoni. Mama Hadija kila mara, "Funua tuone!" Nami, "Ukifunua, joto linatoka." "Tufunue kidogo." "Somo yangu alisema chungu hakichunguliwi kama dirisha la jirani." Wakanyamaza. Unaona, Somo, uko Tanga lakini bado unanyamazisha watu huku.

Nikafunua, nikauning'iniza mfuniko ubavuni. Kuku walikuwa wekundu kama udongo wa kwetu, ngozi imekaza, mafuta yametulia kwenye sahani. Mgeni mmoja alivunja paja likaachia lenyewe. Aliomba ndimu nyingine, akala, akaomba tena. Mwenyekiti alinitazama akasema, "Mbuzi watatafutiwa chombo kingine."

Ndivyo nilivyopewa mgahawa. Sasa kila asubuhi natoka na Mwajuma, namtandikia khanga kwenye kibaraza cha mgahawa, mbali na moto lakini mbele ya macho yangu. Madereva wa malori ya Morogoro wameanza kutujua. Mume wangu anasema nanukia moshi hata nikioga, nami namwambia avumilie, ndiyo harufu ya mtu mwenye kazi. Nina fikra nyingi, Somo. Nikipata nafasi nataka nijaribu mkate wa mchele katikati ya vile vikapu. Nataka Mwajuma apite darasa la nne.

Juzi nilikuwa namenya muhogo. Nikainua kichwa, nikamwona ameshika ubao wa benchi, amesimama. Akauachia. Akatembea kuja kwangu, mikono juu, kama mlevi anayerudi nyumbani, akaniangukia magotini. Korosho zilikuwa zinachumwa siku hiyo ng'ambo ya bonde, na sauti za akina mama wenzangu zilikuwa zinasikika kwa mbali.

Nilikuwepo, Somo. Niliona kwa macho yangu.

Kaa salama na wajukuu, na Mungu akupe miguu ya kuja kutuona.

Ni mimi,
mwali wako, Mama Mwajuma