Ukurasa Ambao Hukuusikia

Nyeri, 3 Juni 1967

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, Mama pia, ila palizi imemchosha mgongo. Wewe waendeleaje huko hotelini Nanyuki? Wazungu bado wanarudisha supu yako jikoni?

Mwalimu wetu Bi Sarla, binti wa Govind mwenye duka la vitambaa, anatusomesha tanzia ya kale, mchezo unaoisha kwa kifo. Hataki tusome kimoyomoyo, ati maneno yale yaliandikwa yasikike. Siku ya kwanza tulicheka hadi basi. Kingori alisoma kilio cha mwana wa mfalme kama mtu anayeuza viazi! Sasa hatucheki. Mimi ndiye malkia, mamake. Siku ya wazazi, tarehe 24, tutausoma kwa Kiswahili mbele yenu. Njoo, tafadhali.

Binti yako,
Waithira

Nanyuki, 10 Juni 1967

Kwa Mama yangu mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo, na supu hairudi siku hizi, mchokozi wewe.

Una jina la mama yangu, kwa hivyo mimi ni mwanao, na mwana akiitwa na mamake hana udhuru. Nimeshaomba ruhusa. Soma kwa nguvu. Marehemu alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

Mwanao,
Theuri

Nanyuki, 2 Julai 1967

Kwa Waithira,

Natumaini hamjambo. Mimi nipo.

Siku ile ya wazazi ulinyosha kidole ukasema, "Wewe si mwanangu. Usikanyage mlango wangu tena." Ulikuwa unamwambia Kingori, najua. Lakini ulinitazama mimi. Mama yangu alinitolea maneno hayo hayo wakati wa hali ya hatari, watu wetu walipopigana na wazungu, kwa kuwa niliwapikia wazungu, akafa bila kuyafuta. Kwetu neno la mama si mchezo, na mama yangu sasa ni wewe.

Mwisho wa mwezi sitakuja. Mwambie mamako kazi ni nyingi.

Baba yako

Nyeri, 20 Agosti 1967

Baba,

Hujambo? Barua yangu ya Julai hukuijibu. Mama bado anakuwekea chakula.

Nilikutazama kwa furaha kwamba umekuja. Hiyo tu. Habari za Cucu, mama yako mzazi, sikuzijua. Ningezijua, ningemwachia mwenzangu Wachuka umalkia ule. Inaniuma, Baba, inaniuma sana.

Lakini ulitoka kabla ya ukurasa wa mwisho. Malkia anajuta, anasimama mlangoni kumwita mwanawe, kumbe ameshakufa njiani. Niliusoma nikitazama kiti chako.

Wewe uko hai. Kama mimi ni mama yako kweli, basi na hili ni neno la mama: mwanangu, nimeyafuta yale. Njoo nyumbani.

Mama yako,
Waithira

Nyeri, 15 Oktoba 1967

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bi Sarla ametupa kitabu kingine. Zamu yangu ikifika, nasoma kimoyomoyo, naye haniulizi.

Njoo.

Mama yako