Yule Mama Asikatwe

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako amepona mguu, na pacha wako Doto amejifungua salama. Huku Morogoro mvua inatosha.

Umeniuliza kama unaweza kumkata yule mama kwenye picha yangu ya Geita, ili lori bovu libaki peke yake katika maonyesho ya chuo chenu. Swali hilo limeniudhi, na nitakueleza kwa nini.

Mgodi wa zamani ulikuwa umeshafungwa. Nilizunguka polepole kwa baiskeli, kamera shingoni, nikipiga picha mitambo iliyoliwa na kutu. Nikalikuta lori hilo, na juu ya boneti mama mmoja ameanika michembe, maana bati la moto hukausha viazi upesi. Bila salamu nikamwambia, "Mama, ondoa vitu vyako nipige lori."

Akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni. "Hata shikamoo huna! Mume wangu kaliendesha hili mpaka mgongo ukafa. Wenye mgodi walipoondoka hawakumuaga. Na wewe umetoka huko na baiskeli yako kuja kuamkia chuma?"

Nikashuka, nikamwamkia. Akacheka. "Haya, piga sasa. Lakini mimi sisogei ng'o."

Nimehama mara nne na picha hiyo. Kila anayeiona husifia lori, na hakuna aliyewahi kuniuliza huyo mama ni nani. Ni Mama Masanja. Liandike jina lake chini ya picha, na kama nafasi haitoshi, likateni lori.

Babu yako