Mkeka wa Bibi Kwenye Ukuta wa Chuo

Salale, Kibiti
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Muzdalifa,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Dar es Salaam? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Macho ya bibi ndiyo yamezidi ukungu, ila ulimi wake ni mzima kutushinda sote.

Ujumbe wako niliusoma kwa sauti uani, watu wamejaa. Kwamba katika masomo yako ya historia ya sanaa na majengo sasa mmefika kwenye mambo ya makumbusho, na mwalimu wako ameona picha ya mkeka mpya wa bibi, anataka kuutundika chuoni. Shangazi Siti akapiga vigelegele. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jiko.

Muzdalifa, mkeka huo ni wangu. Unajua kila mjukuu wa kike hapa kwetu husukiwa mmoja wa kuingia nao kwa mume. Ukindu nilikata mimi, rangi nikachemsha mimi. Macho ya bibi hayatasuka mwingine, na ndoa yangu na Badru ni baada ya mavuno.

Nakuonea wivu, sikufichi. Darasani nilikuwa nakupita, lakini alitakiwa mtu wa kubaki na bibi, na mkubwa ni mimi. Namwogesha huku ananisifia wewe. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Wewe hupo, na lako ndilo la kwanza.

Nilitaka bibi akatae. Nikamuuliza, mkeka usiokaliwa na mtu ni wa nini? Naye akaniuliza, "Wataandika kasuka nani?" Nikamsomea pale uliposema jina lake litaandikwa chini ya mkeka. Akataka nirudie. Kisha akapapasa mpaka akaushika mkono wangu. Mimi naweza kumpa uji na maji ya moto. Hilo lako la kumwandikisha jina sina.

Basi mkeka nimemkabidhi Mwinjuma wa boti, atautia kwenye basi pale Kibiti. Jina liandikwe kamili: Mwanawetu binti Mwinyimvua. Wasije wakaandika "mwanamke wa Rufiji" halafu basi. Mimi nitaingia kwa Badru na mkeka wa plastiki wa dukani, na roho bado inaniuma.

Shangazi Siti na kaka Mohamedi wanakusalimu sana. Bibi anakuombea Mola akufungulie kila mlango, na kila siku anauliza kama utakuja harusini. Kuhusu bwana harusi hajauliza neno.

Dadako akupendaye hata hivyo,
Hafsa