Maua ya buluu nyuma ya jikoni

Josée, tumerudi kutoka hifadhi ya Lualaba. Nimekaa jikoni, hata viatu sijavua.

Mahali ni pazuri kweli. Mvua za kwanza zimeamsha maua kilima kizima, na mto unauona chini hadi mbali. Kiongozi akatuonyesha ua dogo la buluu. Mimi na mdomo wangu nikacheka mbele ya bwana wangu Kalala na watu wote: "Hii si iko kwangu, nyuma ya jikoni! Imejaa!"

Imejaa. Nilisema hivyo, Josée.

Kiongozi akajibu: "Mama, hii maua inapenda udongo ya shaba. Bachimbaji banaifuata."

Kalala akaacha kupiga picha. Tulipofika tu, akaenda kuchukua sururu.

Sasa anachimba. Si nje, ambako majirani wangeona. Ameng'oa simenti ya chumba cha watoto. Kwa jirani yetu mama Muteba walianza hivyo hivyo, na leo ile nyumba ni shimo.

Nimemuuliza: "Batoto batalala wapi?"

"Salon, mama Princesse. Si ulisema imejaa?"

Nimehamisha magodoro hadi sebuleni.