Neno Moja Lililobaki kwa Baba

Gulwe,
14 Septemba 1913

Mpendwa dada Loisi,

Mbukwa, dada yangu, na shikamoo. U hali gani huko Morogoro? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa vumbi kimekuachia? Na mwanao Emilia je? Kwa hesabu yangu ametimiza miaka saba na miezi minne, kwa hiyo meno ya mbele yameshang'oka na pengine mapya yameanza kuota. Sisi huku ni wazima wa mwili. Yudith, mke wangu, anakusalimu. Wewe hujamwona bado, lakini utaona katika barua hii kwamba anakujua.

Sikujua uko wapi mpaka Alhamisi. Batuli, yule mama wa Kondoa anayeuza samli stesheni, alikuona Morogoro ukifua nguo mtoni, akaja kuniambia. Ndiye anayekuletea barua hii mkononi. Naandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe. Madarasa yale mawili ya misheni tuliyokaa benchi moja yanatosha. Usimpe mtu akusomee.

Kaa chini kwanza, dada. Baba amefariki. Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa, jua likiwa limepanda. Tulimzika siku ile ile nyuma ya tembe, karibu na mama.

Nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Ya kwanza nilikuwa nakufariji, na ya pili nilikuwa namlaani baba mdogo Sila. Zote mbili zilikuwa zinakwepa, maana jambo lenyewe linanihusu mimi. Siku ile unaikumbuka kuliko ninavyoikumbuka, lakini acha niiandike. Nataka iwe kwenye karatasi na jina langu chini yake.

Baba alianguka akiwa bado ameshika bakuli la uji ulilompa wewe. Upande wote wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na mdomo ukapinda. Jana yake mlikuwa mmegombana mbele ya watu juu ya yule mzee wa Kibakwe aliyetaka kukuoa baada ya kufiwa na mumeo. Watu wakaunganisha ugomvi na uji. Baba mdogo Sila akataka aletwe mganga. Nami, mtu wa kazi za waya wa simu, niliyejifunza kudharau mambo ya kuzungukazunguka, nikasema, "Ya nini mganga? Mwenyewe yu hai na masikio anayo. Aulizwe." Nilijiona nina akili siku ile, dada. Hata ninapoandika naona aibu usoni.

Nikapiga magoti nikamwuliza, "Baba, ni Loisi aliyekufanya hivi?" Akasema, "Ee." Kisha machozi yakamtoka, akapiga udongo kwa mkono wa kushoto, mara tatu. Sila akasema, "Mmeona? Tazameni anavyomkasirikia."

Tulikuwa watu tisa. Hakuna aliyeomba swali la pili. Wewe hukujitetea. Ulimtazama Baba, ukamshika Emilia mkono, ukatoka. Mimi siwezi kutangaza kwamba waya umekatika mpaka niupime kutoka pande mbili, lakini dada yangu nilimhukumu kwa kipimo kimoja.

Baada ya hapo nilikwenda na kazi kuelekea Tabora. Sisemi kwa majivuno, nataka ujue nilikokuwa: nilianza kwa kubeba nguzo Kilosa, bila baba mdogo wala mjomba kuniachia hata jembe, na sasa naongoza watu kumi na wanane. Tangu nianze tumesimika nguzo elfu tatu mia mbili na kumi. Miaka miwili nilikuwa nahesabu nguzo, na Baba amekaa kwenye kigoda akitunzwa na Yudith.

Na Yudith aliona. Aliniambia nilipokuja likizo ya kwanza, akaniambia na ya pili. Akimwuliza Baba, "Nikuongeze?" anajibu, "Ee." Anaongeza. "Bado?" "Ee." Mpaka anatapika. Nyumbani ikawa mzaha. Shangazi Dorkasi alikuwa akisema, "Huyu kaka yangu ameambiwa kesho chakula kinakwisha duniani." Tukacheka sote. Mgonjwa, dada, huulizwa mambo ya kukubali tu. Una kiu? Tukusogeze kivulini? Hakuna anayemwuliza mgonjwa jambo ambalo jibu lake ni hapana. Ndiyo maana miaka miwili ilipita.

Mwezi uliopita alipita hapa Halfani, Mrangi, msaidizi wa daktari wa reli. Alikuwa anatazama wafanyakazi wangu wenye homa, maana kazi ilikuwa imeturudisha huku, nikamkaribisha nyumbani. Alipomwona Baba aliacha kula. Akavuta kigoda, akaulaza ule mguu uliokufa juu ya mguu mzima, akaupiga kwa ubavu wa kiganja, chini kidogo ya kifupa cha goti. Mguu ukaruka. Ule uliokufa, dada, ukaruka juu kuliko ule mzima alipoupiga vilevile. Shangazi Dorkasi alisimama akataka kutoka.

"Kaa, mama," Halfani akamwambia. "Hili si pepo. Goti lina njia yake fupi. Habari inakwenda mpaka uti wa mgongo na jibu linarudi, wala kichwani haifiki. Kazi ya kichwa ni kushika hatamu. Humu kichwani pameharibika, hatamu zimeachiliwa, mguu unarusha ovyo."

"Lakini kilichokufa ni mkono na mguu," nikasema.

"Wewe Mgogo, unajua nguzo tu. Mkono wa kulia unatawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo. Nyuzi zinapishana shingoni. Na kwa watu wengi maneno nayo yanakaa kushoto huko huko."

Mimi nikataka idadi, unanijua. Akaniambia amekwisha kutunza saba waliopooza hivi. Watano walikufa upande wa kulia, na wanne kati yao walipoteza maneno. Wawili walikufa upande wa kushoto, na wote wawili walikuwa wakimpigia domo kutwa. Nikamwambia Baba hakupoteza yote, amebakiwa na "ee". Halfani akamtazama Baba, akamwuliza kwa upole, "Mzee Matonya, wewe ni mwanamke?"

"Ee," akasema Baba.

Shangazi akacheka. Mimi sikucheka.

Halfani akasema, "Hilo si jibu, ndugu yangu. Huo ni mguu uliopigwa kwenye goti. Unamgusa kwa swali, mdomo unarusha neno. Ndani anakusikia, pengine anakuelewa sawasawa, lakini likitoka linatoka hilo hilo moja." Akaongeza kwamba wengine hubakiwa na wimbo, wengine na tusi. Ni kweli, Baba alikuwa na tusi moja, na hilo alilitamka safi kila Yudith alipomwosha kwa maji ya baridi.

Akatufundisha na mengine. Uji mwepesi ndio uliokuwa ukimpalia, kwa sababu koo nalo linasubiri amri na amri inachelewa. Tuupike mzito, akae wima, ainamishe kidevu anapomeza. Na machozi yale si huzuni siku zote. Hata kulia na kucheka kuna hatamu zake, na za Baba zilikuwa zimekatika.

Halfani aliondoka na gari moshi la mchana. Mimi nikakaa na Baba siku mbili. Nikamwuliza maswali ishirini, kumi ya kweli na kumi ya uongo, nimeyachanganya. Alisema "ee" mara ishirini. Nikachukua majina: nani amekuroga? Nikataja watu kumi na wanne, pamoja na bibi aliyekufa kabla hatujazaliwa, pamoja na mimi mwenyewe. "Ee" kumi na nne. Alilia kwa jina lako, ndiyo. Alilia pia kwa jina la bibi, na kwa mbuzi aliyepita mlangoni.

Kilichonivunja hakikuwa zile "ee". Ni mkono wa kushoto. Kwa maswali ya kweli ulikuwa umetulia pajani. Kwa maswali ya uongo, mara nane kati ya kumi, aliupiga chini. Sasa rudi kwenye siku ile, dada. Alipiga udongo mara tatu. Alikuwa anatuambia hapana kwa kitu pekee alichobakiwa nacho, nasi tukasema amekasirika.

Niliwaita wale wale. Bila wewe na Baba tulikuwa saba, na sote saba tulikaa. Nikawaonyesha goti. Nikawaonyesha maswali. Baba mdogo Sila akasema Wadachi wamenijaza maneno, kwamba mtu mzima hawezi kusema asichotaka. Akaniambia kwa dhihaka, "Basi mwulize kama ni mimi."

Nikamwambia amwulize mwenyewe. Alisita. Shangazi Dorkasi akasema, "Uliza, Sila, au unaogopa goti?" Akauliza, "Kaka, ni mimi Sila niliyekuroga?"

"Ee," akasema Baba.

Sila alikaa akitazama mikono yake, akazeeka pale pale. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Kisha nikaweka kata ya kunywea maji mbele ya Baba, upande wa mkono mzima. Nikamwambia, kama ni kweli ivute kwako, kama si kweli isukume kwangu. Nilikuwa nimempima kwa njia hiyo tangu asubuhi: maswali ishirini, kumi na saba akapata. Matatu ya mwisho alikosea, naamini alichoka. Mbele ya watu wote nikauliza swali lile lile nililouliza mwaka juzi. Aliisukuma kata kwa nguvu ikavingirika mpaka miguuni kwa Sila. Nikairudisha. Nikauliza, "Unataka Loisi aje?" Akaivuta mpaka kifuani, akaishika hapo. Tulipotaka kumnywesha maji jioni hakutaka kuiachia, Yudith akachota kwa bakuli.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tisa Agosti. Nilituma simu stesheni ya Morogoro kutafuta Loisi binti Matonya. Likarudi jibu kwamba hajulikani. Nikatuma Kilosa, hajulikani. Waya ulikuwa mzima kabisa, dada, niliupima mimi. Hapakuwa na mtu wa upande wa pili anayekujua.

Tarehe nne kiharusi kilirudi. Safari hii kumeza kulikwisha, hata uji mzito ulikwenda njia isiyo yake, kifua kikajaa. Pumzi ilikuwa inakwenda yenyewe, inasimama, inakwenda tena, na mimi nahesabu katikati. Siku ya sita ilisimama nikafika mia moja, nikaacha kuhesabu. Hakusema "ee" tena tangu ile tarehe nne.

Kwa hiyo ujue haya, na uyashike kwa uzito wake. Baba hakukutaja. Miaka miwili umelala na neno la baba yako, nalo halikuwa neno lake. Swali lilikuwa langu. Kama kuna aliyekutaja, ni mimi niliyelitia jina lako kinywani mwa mtu asiyeweza kulitema.

Matanga hatujayavunja. Tumekubaliana wote kwamba hayatavunjwa bila wewe, na Sila ndiye aliyesema kwanza. Watakaa tena mbele yako, na kila mmoja atasema kwa mdomo wake alichokifanya siku ile. Sehemu yako ya tembe Yudith ameipiga udongo upya. Nitakuwa stesheni Gulwe kwa kila gari moshi litokalo pwani hadi mwisho wa mwezi ujao, na kazini nimeshaaga.

Lakini sikuulizi kama umenisamehe. Nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba "ndiyo" haina uzito kwa mtu asiye na nafasi ya kusema hapana. Wewe nafasi hiyo unayo. Usipotaka kuja, mwambie Batuli hapana, ataniletea, nami nitaipokea bila kuuliza mara ya pili.

Mpe Emilia salamu zangu, mwambie babu yake alikuwa anamsikia. Shangazi Dorkasi anakusalimu na analia. Baba mdogo Sila hajathubutu kuniambia nikusalimu, lakini alinishikia taa ya mafuta nilipoanza kuandika, mpaka kulipokucha. Mungu akutunze ukiwa huko, na akikuleta, akulete salama.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Seth wa Matonya