Baba Mubarak, Aliyepima Mahindi na Meno

Mwaka imezunguka, Baba, tangu utuache, na soko ya Nagongera bado inakosa kelele yako.

Wewe ulikuwa unapima mahindi na meno. Mkulima anafungua gunia, unachukua punje, unauma: kaa! Ikilia, ni kavu, unanunua. Ikinyamaza, unamwambia, "Peleka nyumbani ikaote jua." Lakini mjane akileta mbichi, ulikuwa unaianika kwako mwenyewe, halafu unanunua.

Mama Truphena, mteja wako wa Busia upande ya Kenya, alikuwa anakuchokoza: "Mzee, si ununue ile mashine ya kupima?"

"Mashine inajua kuoa? Mke wangu Rukiyah alinipendea haya meno!"

Halafu jino moja ikaoza. Ukaanza kuuma na upande ingine. Ukaweka karafuu, ukafunga shavu na leso ya Mama, ukarudi kazi. Tukisema twende kwa daktari, unafoka: "Jino haiui mtu!" Shavu ikafura, ikashuka, tukashukuru. Kumbe usaha ilishaingia kwa damu. Homa ikakataa kuisha, pumzi ikawa shida, na daktari wa Tororo akatwambia ugonjwa ya jino imefika kwa moyo. Sisi hatukujua jino na moyo ziko na barabara moja.

Sasa sikia hii, utacheka. Juzi juzi tumeona Mama anatafuna upande moja. Alikuwa anaficha! Na sukari yake inapanda tu, hata kama dawa anameza. Dada Nuriat akamwambia, "Mama, fungua mdomo tuone."

"Mdomo yangu ni duka?"

Mimi nikasema wazi: "Tumezika moja juu ya jino. Ya pili mimi sitazika."

Akavaa hijabu, akapanda boda kwenda kwa daktari wa meno.

Wameng'oa, Baba. Wamesafisha na ufizi, na sukari imeanza kushuka. Mama alitoka na pamba mdomoni, amekasirika kweli kweli: "Kumbe ni hii tu? Hii ndiyo Mubarak alikimbia? Angekuwa hapa ningempiga!" Akacheka, akalia, akacheka tena. Tukacheka na yeye pale barabarani mpaka yule wa boda akauliza kama tumeshinda kitu.

Nikamwambia ndiyo. Tumebaki na Mama.

Mungu akurehemu. Tunaokukumbuka ni mke wako Rukiyah, watoto wako Nuriat na mimi Hudhaifa, ndugu yako Faruku wa Iyolwa, na Mama Truphena wa ng'ambo.

Hatukusahau, Baba, siku yoyote. Na tukikutaja, tunakutaja tukicheka.