Wasichana Niliowafanya Ndugu

Furn el-Shubbak,
Beirut.
9 Machi 2022

Zalfa mwanangu mpendwa,

Hujambo huko Lyon? Kifua kimepona? Usiache kula kwa ajili ya baridi. Sisi tu wazima, ila umeme ni ule ule, na jenereta la mtaa hutuzimikia tamthilia ikiwa katikati.

Najua umeshaitazama ile tamthilia ya kigeni, na najua kwa nini hupokei simu zangu. Ulifurahi mno niliposema nitamtilia sauti ya Kiarabu yule msichana mkubwa kati ya wale wawili wanaopendana. Uliniandikia kwamba kwa mara ya kwanza umeona watu kama wewe ambao hawachekwi wala hawafi mwishoni, na kwamba mama yako atawasikia kwa sauti ya mdogo wake mwenyewe.

Nami nimewafanya ndugu. Kila penye "mpenzi wangu", studio waliandika "dada yangu", nikasoma hivyo hivyo. Wenzangu wakatania, "Mbona hawa dada wanapendana kuliko sisi na waume zetu!" Nikacheka nao. Naona aibu hata kukuandikia.

Lakini kuna baya zaidi. Jumapili nilikuwa kwa mama yako, tunachokoa mumunye za kujaza wali, tamthilia inaendelea. Akaweka kisu chini, akatazama weee.

"Wadad, hivi hawa ni ndugu kweli?"

"Ndugu, kwani vipi?"

"Usinifanye mtoto mie. Zalfa alikuwa akimwangalia Tamara hivi hivi, hapa hapa mezani."

Hakuwa na hasira, mwanangu. Alikuwa ananiuliza, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia, "Ni ndugu, dada. Hebu maliza mumunye zako." Akaokota kisu, akaendelea kuchokoa.

Studio naweza kusingizia kazi. Pale jikoni hakuna aliyenishurutisha, niliogopa tu.

Bibi Najla anakuombea kila swala, na mjomba Ghassan anauliza utakuja lini. Nisalimie Tamara, mwambie namkumbuka. Mungu awalinde nyote wawili.

Mimi usinipigie kama bado una uchungu, nimestahili. Mpigie mama yako. Na akikuuliza tena, usimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Akupendaye pamoja na uoga wake wote,
Mama mdogo Wadad